Juu ya Kunakili Picha za Wakuu

Mwalimu Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu, alifundisha ya kwamba kuiga kwamlaza Mungu usingizi. Picha zake za ukutani, alizozimaliza mwaka 1959 katika kanisa la Murang'a, zamwonyesha Mwokozi katika nchi ya Wakikuyu. Neno lake ni zuri. Ila mimi silikubali lote.

Kijana mmoja wa hapa Lindi amenionyesha picha ya rangi za mafuta, Adamu na Hawa, aliyoinakili kutoka karatasi ya chapa. Asili yake ni kazi ya Titian. Miili ameichora kwa uangalifu, lakini vivuli vimekuwa kama matope, kwa kuwa alipaka rangi ya pili kabla ya ile ya kwanza kukauka. Rangi hii haikauki kama nguo juani: mafuta ya kitani hushikana kwa kuvuta hewa, siku nyingi, na unyevu wa pwani huyachelewesha. Karatasi haikuweza kumfunza hayo. Kosa ndilo lililomfunza.

Rubens naye aliinakili picha iyo hiyo huko Madrid, mwaka 1628 au 1629, hali amekwisha kuwa bingwa mwenye miaka zaidi ya 50. Lakini alimwinamisha Adamu mbele, akaongeza kasuku mwekundu. Je, Mungu alilala hapo?

Kijana wetu, pale chapa ilipofifia, nyuma ya Hawa, amepanda mkorosho wenye mabibo. Hapo tu mkono wake haukusita. Nimemwomba ainakili tena, na safari hii bibo liwe mkononi mwa Hawa.