Mjinga Si Mpumbavu

Mwaka mmoja, katika darasa la kipaimara hapa Mpanda, kijana mmoja alishindwa kwa mara ya tatu kukariri maana ya amri ya nane, ile inayotutaka tumseme jirani kwa wema. Nikamwambia mbele ya wenzake, "Wewe ni mpumbavu!" Wakacheka. Jumamosi iliyofuata hakuja. Nilipokwenda kwao kuomba radhi, mama yake aliniuliza, "Mchungaji, si Yesu alilikataza neno hilo?"

Wapendwa, nilifungua Mathayo 5:22 katika Biblia yangu ya Union Version, nisilione. Pale pana kumfyolea ndugu na kumwapiza. Lakini Kigiriki kina matusi mawili yenyewe: raka, neno la Kiaramu la kumdharau mtu kuwa kichwa kitupu, na more, yaani mpumbavu. Naiheshimu sana tafsiri hii iliyotulea, ila hapa imelificha neno. Msomaji hudhani kuapiza ni mambo ya kwa mganga, basi haimhusu. Habari Njema imelitaja wazi, na imefanya vema.

Hata hivyo, katika Mithali Union Version inatufaa sana, kwa kuwa inatenganisha mjinga na mpumbavu. Mjinga, kwa Kiebrania peti, ni mtu ambaye bado hajafundishwa, mwepesi kuvutwa huku na huku. Katika sura ya 9 Hekima humwalika mezani kwake. Mpumbavu ni mwingine. Nabali wa 1 Samweli 25 alikuwa tajiri mwenye mifugo tele. Alichokosa ni shukrani. Jina lake ndilo neno la Zaburi 14 kwa anayemkana Mungu moyoni. Huo ni ugonjwa wa moyo, wala hauna uhusiano na kukariri.

Sisi watu wa bara tuna sababu ya kulipima neno hili. Katika karne ya 19, Pwani walimwita "mjinga" mtumwa aliyefika karibuni kutoka bara, asiyejua bado Kiswahili wala desturi za kule. Watu hao walijua kulima, kuvua na kufua chuma. Walikuwa wageni tu.

Waingereza nao wana ushuhuda wao. Neno lao fool limetoka kwa Kilatini follis, mvukuto wa mhunzi, kitu kilichojaa upepo. Silly hapo kale lilimaanisha aliyebarikiwa. Likashuka likawa asiye na hatia, kisha mnyonge, mwishowe mpumbavu. Ndivyo dunia inavyomshusha mpole. Paulo, katika 1 Wakorintho 1, anatuonyesha Mungu akienda kinyume chake: msalaba unaoitwa upuzi ndio wokovu.

Mtu atauliza, mbona Yesu mwenyewe aliwaita Mafarisayo wapumbavu katika Mathayo 23:17? Yeye aliijua mioyo yao. Mimi sikuujua moyo wa kijana yule. Baadaye mama yake alinieleza kwamba macho yake hayaoni vizuri maandishi madogo.

Wazazi na walimu wenzangu, mtoto asiyejua ni mjinga, nasi tumewekwa tumfundishe. Lile neno la pili tumwachie Bwana. Kijana yule alirudi, tukasoma pamoja kwa sauti, akabarikiwa pamoja na wenzake.