Kiriba cha Mche wa Kahawa

Kiriba cha mche wa kahawa tunakidai mambo mawili yasiyopatana. Kwa miezi mingi kibebe udongo uliolowa, kipigwe na jua kali la mji wa Kinyamaseke, kisha kipakiwe kwenye bodaboda na kupandishwa njia mbovu za milima ya Rwenzori bila kupasuka. Mche ukifika shimoni, tunataka kiriba hichohicho kioze. Kaveera, yaani mfuko wa plastiki, inaliweza la kwanza tu. Sheria ya mwaka 2009 iliipiga marufuku mifuko myepesi nchini Uganda, lakini jembe bado linafukua vipande vyake mashambani.

Kuna mafundi wa polima wanaotafuta kuyapatanisha madai hayo, nami nawaheshimu sana, kwa sababu kazi yao haina njia ya mkato.

Malighafi yao maarufu ni polilaktiki, yaani PLA. Hutengenezwa kwa sukari inayotoka katika mahindi, miwa, hata muhogo uleule tunaosaga kwa ajili ya ugali wa obundu. Bakteria huichachusha sukari hiyo kuwa asidi ya laktiki, kisha asidi huungwa kuwa minyororo mirefu. PLA ni ngumu na inang'aa, ila ukiivuta hukatika ikiwa imerefuka kwa asilimia 5 hivi tu. Nyingine ni PBAT, ambayo kwa sehemu kubwa hutokana na mafuta ya petroli lakini vijidudu vya udongo huweza kuila. Hiyo ni laini, na huvutika hata kupita asilimia 500.

Ungedhani inatosha kuziyeyusha pamoja. Lakini hujitenga kama mawese juu ya mchuzi, na ufa ukianza hupita mpakani, mahali ambapo hazikushikana.

Uzuri wa ufundi unaanzia hapo. Kwanza punje za plastiki hizo hukaushwa kwa saa kadhaa, kwa kuwa unyevu kidogo tu, katika joto la nyuzi 180 hivi, hukata minyororo na kuharibu kila kitu kabla kazi haijaanza. Kisha huingizwa kwenye mashine ya skrubu mbili zinazozunguka zikizikanda, na PBAT hupasuliwa kuwa matone madogo ndani ya PLA. Fundi huongeza kiunganishi, mara nyingi chini ya asilimia 1 ya uzito wote, ambacho hushika ncha za minyororo ya pande zote mbili na kuzifunga. Kikipungua, matone huchomoka. Kikizidi, minyororo hufungamana mno na uji wa plastiki hukataa kupita mashineni.

Ukubwa wa tone nao una kipimo chake. Tone kubwa huwa chanzo cha ufa. Tone dogo kupita kiasi halifanyi kazi. Lile la kiasi, la mikroni moja hivi, hupasuka ndani nguvu inapolifikia na kuacha tundu dogo, na PLA iliyolizunguka hupata nafasi ya kujivuta badala ya kukatika. Maelfu ya matundu hayo huigeuza plastiki kuwa nyeupe pale inapokunjwa. Mimi naona weupe huo ni kitu cha kupendeza sana, kwa kuwa unaonyesha pigo limegawanywa.

Kisha huja nyundo ya Charpy, iliyopewa jina la mhandisi Mfaransa Georges Charpy. Huning'inia, huachiwa, hupiga kipande cha plastiki kilichotiwa mkato mdogo, na kimo inachofikia upande wa pili huonyesha kipande kimemeza nguvu kiasi gani. Fundi mzuri haishii kwenye namba. Huokota vipande na kutazama palipovunjika: pakiwa laini na pang'avu, ufa ulipita bila kizuizi, pakiwa na nyuzinyuzi nyeupe, plastiki ilipigana.

Kwa kiriba, mizani hugeuka: PBAT ndiyo huwa nyingi ili utando ukunjike, PLA ikaupa ugumu. Hilo linasaidia pia shambani, kwani PLA huoza vizuri kwenye mboji yenye joto la karibu nyuzi 58, na udongo wa kawaida haufiki huko. Wanga wa muhogo unaweza kuongezwa kupunguza gharama na kuharakisha kuoza, lakini wanga hupenda maji, na mche humwagiliwa kila mara. Basi fundi hurudi kwenye kiunganishi, akipima upya, safari hii akiwa na vitu vitatu vya kushikanisha.