Sauti Sol: Kutoka Mwanzo hadi Midnight Train

Hapa Uganda kundi la Sauti Sol, lililoanzishwa Nairobi mwaka 2005, huingia darasani kabla ya mwalimu. Wanafunzi wetu huja wakiziimba nyimbo zake ilhali ngeli bado zinawasumbua. Tangu Baraza la Mawaziri liidhinishe mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, haja ya kuchagua nyimbo za kufundishia imeongezeka. Kwa hiyo tumeilinganisha Midnight Train (2020), albamu waliyoitoa kabla ya kuagana mwaka 2023, na kazi zao za awali.

Mwanzo (2008) ilitolewa na Penya, kampuni ndogo ya Nairobi. Humo mna gitaa na sauti zinazopokezana, na hakuna kishindo kinachoyafunika maneno. Katika "Lazizi", vijana wa mji unaosifika kwa Sheng wamechukua neno la mapenzi la ushairi wa pwani, ambalo kamusi huliandika laazizi, wakalifanya la kwao. Udhaifu wa albamu hiyo ni kwamba mwendo wa nyimbo unakaribiana mno. Katika Live and Die in Afrika (2015) mapigo yaliongezeka, lakini "Kuliko Jana" peke yake inatosha kipindi kizima cha kufundisha ulinganishi.

Midnight Train ilitoka chini ya kampuni kubwa ya Universal, ikiwa na wageni kama India.Arie na kwaya ya Soweto Gospel Choir. Kiufundi imezizidi zote. Hata hivyo, Kiswahili kimesogezwa pembeni: majina mengi ya nyimbo ni ya Kiingereza, na mara nyingi Kiswahili huja kama kiungo tu, si chakula chenyewe. "Suzanna" inatufurahisha kwa Kiswahili chake cha mjini chenye utani. "Disco Matanga" nayo inafungua mjadala mzuri kuhusu neno matanga na ngoma za usiku msibani.

Aidha, mwanafunzi mmoja alituuliza: katika "Nenda Lote", nomino iko wapi? Tulikuwa karibu kujibu kwamba ni kosa, kisha tukakumbuka kuwa "nenda zako" nayo haina nomino, na hakuna anayeikosoa. Siku hiyo somo la upatanisho wa kisarufi lilijifundisha lenyewe.

Kwa maoni yetu, Midnight Train ni burudani bora, lakini Mwanzo ni kazi bora. Hatuwalaumu wasanii kwa kutafuta soko pana. Tunachosikitikia ni kwamba kundi lililothibitisha kuwa Kiswahili kinatosha kuanzia safari lilifika mbali likakitumia kidogo. Wanafunzi wetu wanaliona hilo, na wengine huuliza kwa nini basi wao wajibidiishe.

Walimu wenzetu, anzeni na "Lazizi", mmalizie na "Nenda Lote". Maoni yenu tunayakaribisha.