Wasifu wa Mcheza Sarakasi na Mashimo ya Ruangwa

Tunapozungumza juu ya wasifu wa wasanii katika fasihi ya Kiswahili, kitabu kinachotujia kwanza ni Wasifu wa Siti Binti Saad cha Shaaban Robert. Kwa maoni yetu, ubora wake hautokani na sifa nyingi alizomwagiwa mwimbaji yule, bali na vyungu. Mwandishi hakuona haya kutuonyesha binti wa Fumba akichuuza vyungu kabla sauti yake haijafika Bombay, alikorekodiwa mwaka 1928.

Kipimo hicho twapenda kitumiwe pia kwa mcheza sarakasi anayezunguka vijijini, hasa yule wa Nachingwea na Ruangwa ambaye huenda msimu mmoja akapindua mwili wake uwanjani, na msimu mwingine akaingia shimoni kutafuta vito. Maisha ya mtu huyu yaandikweje?

Masimulizi ya kawaida huanzia China, ambako vijana wa Tanzania walipelekwa kufunzwa katika miaka ya 1960. Hufuata kikundi cha taifa cha sarakasi, kisha Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo kilichoanzishwa mwaka 1981. Hayo ni kweli, lakini ni historia ya ofisi. Kusini, mwili uliofunzwa ulikuwapo zamani. Anayedai kwamba sarakasi ni mgeni mtupu hajamwona mchezaji wa midimu wa Kimakonde juu ya mironjo, kinyago kimemfunika uso, naye haanguki.

Tena pana mazingira ya kazi. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, uliiletea Nachingwea reli. Mpango ukaporomoka mwaka 1951, na baadaye reli yenyewe ikang'olewa. Katika nchi kama hiyo kazi huja na kuondoka, na mwenye kuhama kutoka kazi hadi kazi hastahili kuitwa mzururaji. Huko Namungo, Ruangwa, hupatikana garneti ya kijani iitwayo tsavoraiti. Mchimbaji mdogo huifuata kwa sururu na chekeche, katika nafasi nyembamba, akiutegemea mkono wa aliye juu. Aliye chini kabisa katika mnara wa watu na mshika kamba mdomoni mwa shimo wana wajibu mmoja: wasitikisike.

Kwa hiyo tunamkataa mwandishi atakayesema kwamba msanii "aliacha sanaa akafuata tamaa". Viingilio vya vijijini havilishi nyumba mwaka mzima. Lakini liko kosa jingine, nalo hutuvutia zaidi sisi walimu: kukigeuza kito kuwa mfano wa kipaji kilichofichika ardhini, kisha kumsahau mchimbaji. Garneti ina uzito, ina bei, na ina dalali. Mara nyingi dalali ndiye aijuaye bei hiyo, wala si aliyeichimba.

Wanafunzi wa kusini watakaojaribu kuandika wasifu wa namna hii wasiridhike na majina ya michezo na shangwe za watazamaji. Wamuulize mzee kiingilio kilikuwa kiasi gani na nani alikikusanya. Shimo lilikuwa la nani na mavuno yaligawanywaje. Na siku alipoteguka bega, kama aliteguka uwanjani au shimoni, nani alimlisha mpaka akapona.