Mfinyanzi Hulia Gaeni: Bustani ya Nek Chand

Wahenga walinena kuwa mfinyanzi hulia gaeni. Kwa kawaida methali hiyo hutumika kumcheka fundi anayewatengenezea wenziwe vilivyo vizima, naye akaridhika na kilichovunjika. Nek Chand wa India aliigeuza kejeli hiyo ikawa sifa, kwani kwa magae alijenga bustani nzima.

Alizaliwa mwaka 1924 katika kijiji ambacho leo kimo Pakistan. Nchi ilipogawanywa mwaka 1947, jamaa yake ilihama, naye baadaye akawa mkaguzi wa barabara wa Serikali huko Chandigarh, mji mpya uliosanifiwa na Le Corbusier kwa mistari iliyonyooka na saruji tupu. Ili mji huo usimame, vijiji vilibomolewa. Tangu mwaka 1957, kila atokapo kazini, mtumishi huyu alizunguka kwa baiskeli akiokota mawe ya mitoni na mabaki ya majumba: vigae vya vyungu, vipande vya masinki ya kaure, bangili za kioo. Aliyapeleka katika bonde la msitu ambamo ujenzi ulikatazwa, akafanya kazi yake kwa siri kwa zaidi ya miaka 10.

Wengi humsifu kwa sababu alitumia takataka. Sisi twaiona sifa hiyo kuwa pungufu, maana takataka zimejaa hata jalalani. Ubingwa wake umo katika mpango. Milango ya bustani ni mifupi, hata mgeni hana budi kuinama. Kuta huficha ua ulio mbele. Kisha, ghafla, hutokea safu za wanyama na watu waliovikwa vigae, wamesimama mteremkoni kama wanakijiji waliokuja barazani. Kila sanamu ina kiunzi, pengine cha baiskeli kuukuu, kikapakwa saruji, na vigae vikakandamizwa kabla haijakauka. Kaure haichujuki kwa jua wala haiozi kwa mvua. Kwa hiyo ndiyo nguo ifaayo sanamu ya uwanjani. Aliyabomolewa makazi akayarudisha kwa vipande vyake vyenyewe.

Hata hivyo, hatusemi kuwa kazi hii haina ila. Sehemu za baadaye, zenye maporomoko makubwa ya maji na mabembea, hufurahisha umati, lakini ule unyenyekevu wa mlango mfupi umepungua humo.

Siri ilipofichuka katika miaka ya 1970, sheria ilikuwa wazi: bustani ibomolewe. Wananchi wakaitetea, nayo ikafunguliwa rasmi mwaka 1976. Serikali ile ile iliyokosewa ikampa mwenye kosa mshahara na wafanyakazi 50. Alifariki mwaka 2015, na bustani ingali inatembelewa.

Sanaa hii si ngeni kwetu. Katika makaburi ya mnara ya Kunduchi, wazee wa pwani walichomeka mabakuli ya kaure ya China ndani ya chokaa ili yang'are nje, juani, kwa heshima ya marehemu. Wao pia walijua kwamba chombo cha mezani chaweza kuwa pambo la uwanja. Mabakuli mengi katika makaburi ya namna hiyo yamebanduliwa, yakabaki mashimo ya mviringo. Wahindi walikiokota kilichovunjika wakakipa mahali. Sisi tulikuta kizima kimekwisha pewa mahali, tukakiacha king'olewe.

Basi sisi tulio watumishi wa Serikali, tunaotia sahihi hati za kubomoa na za kujenga, yafaa tuzione kazi hizi kwa macho yetu kabla ya kuandika. Ofisa aliyeshuka katika bonde lile la Chandigarh alikuwa na sheria mkononi. Lau angaliisoma sheria asiitazame bustani, leo tusingalikuwa na la kuandika.