Walio Dirishani Ubalozini Muscat

Ukitaja ubalozi, wengi hufikiria bendera, suti na dhifa. Mimi nawavulia kofia wanaokaa dirishani, kwenye huduma za kikonseli.

Chukua ubalozi wa Tanzania mjini Muscat. Tuna undugu wa siku nyingi na Oman: Sayyid Said, mtawala wa Oman, alihamishia makao yake Unguja katika karne ya 19, na mpaka leo Kiswahili husikika Muscat. Lakini undugu huo hauirudishi pasipoti iliyobaki mikononi mwa mwajiri. Binti wa kazi za ndani akifika hana karatasi hata moja, afisa huanza na maswali. Umezaliwa kijiji gani? Mtendaji wenu nani? Ulisoma shule ipi? Simu zinapigwa nyumbani, uraia unathibitishwa, ndipo inaandikwa hati ya dharura, nayo ni ya kumfikisha kwao tu.

Kazi nzito kuliko zote ni msiba. Cheti cha kifo kimeandikwa kwa Kiarabu, mwili haupandi ndege bila vibali, na nauli ya jeneza haijulikani italipwa na nani. Huku mama yuko Tanga anapiga simu: mwanangu anafika lini? Afisa hupokea. Kesho hupokea tena. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu huduma za kikonseli unawapa maafisa hawa haki ya kumtembelea raia wao aliye kizuizini. Kumjibu mama huyo ukweli, hata kama ni "bado, mama", hakuna kifungu kinachowaagiza.