Honda ya 1974 kwa Waendeshaji Wanne

Oili sili mbili za kranki ndizo zilizonunuliwa kwanza. Rangi, stika na plastiki vilisubiri hadi mwisho kabisa, na kwa maoni yangu mpangilio huo ndio unaoifanya kazi hii ya kufufua pikipiki ya zamani istahili kuchambuliwa. Shemeji yangu, anayeishi kusini mwa California, alinunua Honda CR125M Elsinore ya mwaka 1974 iliyokuwa imelala kwenye banda la mtu kwa miaka mingi. Hakuitaka kwa maonyesho. Alitaka iendeshwe na yeye mwenyewe, dada yangu na watoto wao wawili, ambao sasa wana urefu wa kutosha kukanyaga chini wakiwa wamekaa kwenye siti.

Waendeshaji wanne maana yake ni uzito wa aina nne, mikono ya aina nne na uzoefu wa aina nne. Pikipiki ya kupigia picha inaweza kuwa na injini iliyokufa na hakuna atakayejua. Anayofundishiwa mtoto haina nafasi hiyo.

Kwa wasioijua: Elsinore ni jina ambalo Honda ilizipa pikipiki zake za motokrosi za mapigo mawili, kutokana na mji wa Lake Elsinore, California, uliokuwa na mashindano mashuhuri yanayoonekana kwenye filamu ya On Any Sunday ya mwaka 1971. Ilianza CR250M kama modeli ya 1973, ikafuata hii ya 125. Honda ilikuwa kampuni ya mapigo manne, na mwanzilishi wake, Soichiro Honda, mwenyewe hakuficha mapenzi yake kwa injini hizo, ndiyo maana ujio wa Elsinore uliwashangaza wengi. Mwaka 1974 kijana Marty Smith alitwaa ubingwa wa Marekani wa daraja la 125 akiwa juu ya Honda. Injini ni ya silinda moja, sentimita za ujazo 123, gia sita, na pikipiki nzima ina uzito wa kama kilo 80. Nyepesi, kali, na haina subira kwa mwendeshaji anayesinzia.

Turudi kwenye sili. Katika injini ya mapigo mawili, pistoni inapopanda huvuta mchanganyiko wa hewa na petroli uingie kwenye kasha la kranki; inaposhuka huusukuma mchanganyiko huo uingie kwenye silinda. Kasha lenyewe ni pampu, na pampu inayovuja haifanyi kazi yake. Sili za mpira zinazozunguka kranki hukauka pikipiki ikikaa bila kuwashwa. Ile ya upande wa sumaku ikivuja, injini hunyonya hewa ya ziada, mchanganyiko unakuwa mkavu, joto linapanda, pistoni inatoboka au injini inanoki. Ile ya upande wa klachi ikivuja, injini hunywa oili ya giaboksi: moshi mzito mweupe, plagi yenye ute, na giaboksi inayopungukiwa oili bila tone kuonekana chini.

Uvujaji huu hauonekani kwa macho, na hapa ndipo mafundi wengi wa mtaani wanapokosea. Wanabadilisha jeti za kabureta wakitibu ugonjwa usio wa kabureta. Shemeji alivua sumaku, akaziba tundu la kabureta na la eksosi kwa vizibo vya mpira, akaunganisha geji ndogo kwenye kizibo kimoja, akapiga hewa hadi kufika psi 6 hivi. Si zaidi, maana shinikizo kubwa linaweza kuing'oa sili mahali pake. Sindano ya geji ikaanza kushuka palepale. Alipopaka maji ya sabuni kuzunguka kranki, povu likafura upande wa sumaku. Kiwango ambacho mafundi wengi hukubali ni kutopoteza zaidi ya psi 1 kwa dakika. Kipimo hicho alikirudia injini ilipokwisha kufungwa upya, kabla haijarudi kwenye fremu, na safari hii sindano ilitulia.

Kwa kuwa injini ilikuwa imeshafunguliwa, kranki nayo ikakaguliwa. Unashika konrodi na kuivuta juu na chini: hapo hapatakiwi kucheza hata kidogo. Kucheza upande kwa upande ni kawaida, kwa kiasi kinachotajwa na kitabu cha pikipiki. Hii ilicheza juu na chini, kwa hiyo beringi ya chini ya konrodi ilikwisha. Kranki ya aina hii imeunganishwa kwa kukandamizwa, si ya kufungua kwa spana. Inahitaji presi, kisha inyooshwe kwa kipimo cha saa hadi mizunguko yake ikubaliane kwa sehemu ndogo za mia za milimita. Alimpelekea fundi mwenye vifaa hivyo, na alifanya vizuri. Nyundo na karakana ya nyumbani haviwezi kazi hii.

Silinda ilichongwa. Ina koti la chuma ndani, kipenyo chake cha asili ni milimita 56, na pistoni za ukubwa wa juu hupanda kwa robo milimita. Baada ya kuchonga kuna hatua ndogo inayosahaulika mno. Silinda ya mapigo mawili ina madirisha ya kupitishia gesi, na kifaa cha kuchonga huacha kingo zake zikiwa kali kama wembe. Ringi ikikutana na kingo hizo inanasa na kuvunjika. Lazima zilainishwe kwa mkono, kidogo kidogo, dirisha moja baada ya jingine, kisha silinda yote ioshwe kwa maji ya moto na sabuni mpaka kitambaa cheupe kitoke kikiwa cheupe. Nilipitisha kidole kwenye dirisha la eksosi: ukingo ulikuwa laini, hauna kwaruzo. Nikaridhika na aliyeifanya.

Hapa wengi wangeanza kuongeza nguvu. Hedi ikatwe, eksosi ya mashindano ifungwe. Shemeji hakufanya hivyo, nami nakubaliana naye kabisa. Injini ya 125 ya miaka ile haina nguvu chini. Inalala, inalala, halafu inaamka ghafla mizunguko ikipanda. Kwa mtu mzoefu hiyo ndiyo raha yenyewe. Kwa anayejifunza ni njia ya kujikuta mgongoni. Badala ya kugusa injini alibadilisha sproketi ya nyuma, akaweka yenye meno mengi zaidi. Kasi ya juu imepungua, lakini pikipiki inaondoka kwa utulivu, klachi haichomwi, na mtoto anaweza kutembea kwa gia ya pili bila injini kuzima. Aliongeza pia skrubu ya kuzuia mkono wa mafuta usifunguke wote. Mtoto akipanda inakazwa, mama akipanda inalegezwa. Na swichi ya kuzimia iko kwenye hendeli, karibu na kidole gumba.

Breki ni za dramu mbele na nyuma. Shuu za zamani huenda zina asbesto, kwa hiyo vumbi la ndani ya habu halipulizwi kwa kompresa hata kidogo; linaloweshwa maji kwanza, linafutwa, kitambaa kinatupwa kikiwa kimefungwa. Shuu mpya zikafungwa na waya mpya zikavutwa. Tena tusidanganyane: zikilowa, dramu hizi hazishiki. Anayezoea breki za diski lazima aambiwe kabla, si baada ya kupita kwenye dimbwi.

Shokomzoba za nyuma alinunua mpya, za gesi, ambazo ugumu wa springi zake unarekebishwa kwa kuzungusha pete, kwa sababu baba na mtoto hawana uzito mmoja. Lakini mwendo wa gurudumu la nyuma bado ni kama sentimita 10 tu. Motokrosi ya leo inayo takriban mara tatu ya hapo. Yamaha ilipoanza kuuza YZ za shokomzoba moja mwaka 1975, muundo huu wa Elsinore ulianza kuonekana wa kizamani, na hakuna springi mpya itakayobadilisha jiometria ya fremu. Vilima vikubwa vya kuruka haviihusu.

Tangi lilijaribiwa kwanza kwa sumaku ndogo. CR250M za mwanzo zilikuwa na tangi la alumini, na kwa miaka 50 watu wamebadilishana vipuri vya kila namna, kwa hiyo usiamini macho. Siki huondoa kutu ya chuma vizuri sana, ila alumini huila. Hapa sumaku ilinasa. Siki ikalala humo, ikafuatiwa na maji yenye magadi ya kuokea, kisha tangi likakaushwa na kusuuzwa kwa petroli yenye oili.

Oili ndiyo inayozua makosa nyumbani kwenye watu wengi. Miaka ya 1970 mchanganyiko wa 20 kwa 1 ulikuwa wa kawaida. Kwa oili za sintetiki za leo wengi hutumia 32 kwa 1. Lita 5 za petroli zinahitaji mililita 156 za oili, na kwenye karakana ile kuna dumu moja tu, limeandikwa kwa rangi, na hakuna anayejaza kutoka kwingine. Wapo wanaoongeza oili wakidhani wanailinda injini. Oili inachukua nafasi ya petroli kwenye jeti, kwa hiyo ukiizidisha bila kubadilisha jeti, mchanganyiko wa hewa na petroli unakuwa mkavu zaidi. Tena petroli ya California ina ethanoli, inayovuta unyevu, hivyo kabureta inamwagwa kila baada ya kuendesha.

Rangi ndiyo pekee ninayoilalamikia. Fremu imepakwa poda nene inayong'aa kuliko ilivyotoka kiwandani, na pale inapobanwa injini ilibidi poda ikwanguliwe ili boliti zikae sawa. Rangi ya kawaida ingetosha, na mkwaruzo wa kwanza ungezibwa kwa brashi.

Kwa msomaji mwenye Yamaha DT175 ya zamani iliyokaa stoo, Arusha au Kisumu: usianze kwa kupiga kiki. Geji, pampu ya baiskeli, vizibo viwili na maji ya sabuni vinatosha kukuambia hali ya sili. Na kwa kuwa DT ina pampu yake ya oili, toa hewa kwenye mrija wa pampu hiyo kabla ya kuwasha, kisha tangi la kwanza lichanganye oili kwa mkono.